Avoka Niliyemutafutia Riziki

Baba,

Nilimukosea Riziki. Naanza na ile, juu nikianza na salamu nitakudanganya tena. Minye najijua: salamu moja, salamu mbili, habari ya mvua, kisha karatasi inaisha na sijasema kitu. Nilimutumia dada yangu muntu wa tribinali, wa mahakama. Mu kiwanja chako, asubuhi, mbele ya majirani wote. Ameondoka. Nyumba ya nyuma imefungwa, sasa ni mwezi wa pili.

Nimekaa ku kiti yako ya kazi, hapa ku baraza ya Kimanga. Mashini za kushona za watu, ulizokuwa unatengeneza, zimebaki tatu, wenyewe wanapita kuziulizia. "Fundi aliacha nani?" Najibu aliacha minye. Wanaangalia mikono yangu, wanaangalia mashini, kisha wanaenda. Siwalaumu. Hata minye singejiachia sindano.

Uliniacha likidateri. Ile neno ulilichekaka sana, ulisema inafanana na jina ya dawa ya kuua mende. Lakini uliiandika mu kaye yako, ile daftari, na kalamu ya bike ya bluu, mbele ya shefu ya avenyi, mukubwa wa mutaa: likidateri, yaani ule wa kugawa kile uliacha na kufunga mambo yako vizuri, awe Bahati. Siku ya kuondoa matanga Riziki njo aliisoma, juu kaye ilikuwa kwake tangu ulipolala mugonjwa. Alisoma amesimama, kitambaa cha matanga kingali ku kichwa. Nyumba ya mbele ya Bahati. Nyumba ya nyuma na pahali pa kuanikia samaki ya Riziki. Shamba la Makobola lisikatwe, wote wawili wakule kwalo. Mistari mine, Baba. Hata mutoto wa muaka wa tatu angeielewa.

Na tuliielewa. Shangazi alikuwa amekuja toka Makobola na moto, ile pikipiki ya kukodi, analalamika mugongo. Alisema: "Kaka yangu alisema, na bote mumesikia. Kuko mwenye kinyume?" Hakuna. Kwa sababu Shangazi iko mulokole, ameokoka, hatukukunywa kasiksi, pombe ya ndizi, alileta mutobe wa ndizi, utamu tu bila pombe, na tukakunywa mu kikombe moja: yeye, shefu ya avenyi, Riziki, minye. Weye njo ulinifundishaka: watu wakisha kunywa kikombe moja juu ya neno, ile neno imefungwa. Ukiona shida nayo unarudi kwa wale mulikunywa nao. Unatuma muntu. Hautume karatasi.

Shefu ya avenyi, ule muzee unasemaka anapenda kashe yake ya kugonga ku karatasi kuliko bibi yake, hata yeye alisema ni kitu kidogo. "Mutaandika PV ya konseyi ya famili, yaani kile kikao kimekubali, musinye wote, kila muntu na sahihi yake. Bahati achukue na cheti ya kifo, aende ku tribinali ya amani wamukonfirme, wamukubali. Basi. Murudi mukule."

Basi. Lakini minye niko muntu wa mupaka. Miaka kumi na tisa najazia wengine karatasi za duane, za kodi ya mizigo, ku Kavimvira, na ku mupaka karatasi ya mistari mine haiko karatasi. Nilifika ku kazi na furaha, nikawaambia wenzangu niko likidateri. Ungewasikia!

"Likidateri bila avoka? Bahati, utafungwa!"

"Na kaye iko kwa nani? Kwa dada? Ha! Umekwisha, muzee. Leo ameshika kaye, kesho ataishika nyumba."

"Minye muntu wa kwetu aligawa bila avoka, akafa."

Alikufa na malaria, lakini ile hakuisema. Wale watu, Baba, hawajawahi kugawa hata kuku. Wanashinda chini ya parasoli na kalkilatere, wanahukumu famili za wengine. Na minye niliwasikiliza kama wanasoma Injili. Unajua juu ya nini? Juu waliniita muzee.

Nikaenda kutafuta avoka, wakili. Wa kwanza alikuwa muanamuke kijana, biro yake iko ku etaji pembeni ya soko, meza moja, viti viwili, sandali za plastiki ku miguu. Nilimuwekea maneno yangu yote. Akaniuliza:

"Papa, muko wariti wangapi?"

"Wawili."

"Munagombana?"

"Hapana."

"Marehemu aliacha mutoto nje? Kuko muntu anasema kiwanja, ile parseli, ni yake? Kuko ule anamudai?"

"Hapana."

"Sasa avoka wa nini?"

Akaniambia maneno ya shefu ya avenyi yaleyale. PV, cheti, tribinali ya amani, grefye, karani wa tribinali, atanionyesha pa kusinye. Akasema siku kukitokea jirani anasukuma mupaka wa shamba la Makobola, ao mutoto wa nje akipiga hodi, ao mukishindwa kabisa kusikilizana, nirudi, ile ndiyo kazi ya avoka na ataifanya. "Lakini kwa sasa, Papa, enda nyumbani. Usinunue panadoli na kichwa haikuumi."

Nilitoka pale nikimuzarau. Avoka gani anasukuma mteja ku mulango? Niliangalia zile sandali, nikajiambia, ndiyo sababu. Muntu alinipa ukweli bure, na minye nikaupima kwa viatu vyake.

Wa pili alikuwa ule watu wanamuita Metre, kama wanavyoitaka maavoka wakubwa. Jina lake sitaliandika hapa, karatasi hii ni safi. Kravati nyekundu, vantilatere ya upepo, kalandari ya muaka uliopita ku ukuta. Hakuuliza kama tunagombana. Aliniita "mosheri likidateri", kama rafiki yake mupendwa. Aliuliza kitu moja tu: "Na ule dada anakaa mu nyumba ya suksesyo, ya urithi, kwa tiki gani?"

Kwa tiki gani, yaani kwa haki gani. Riziki! Aliyekubeba ku mugongo mpaka ku choo wakati miguu yako ilikataa. Aliyekulisha na kijiko miezi saba. Minye nilifikaka jioni na mukate mweupe wa Bujumbura, nikasimama ku mulango juu harufu ya mugonjwa ilinishinda, nikasema, "Baba, unaendelea aje?" na kabla hujajibu niko ku njia. Ulijua. Ulisemaka, "Mupeni kiti," na minye nasema niko na haraka. Kiti ile ingali pale.

Ningemujibu Metre: kwa tiki ya ile. Nilijisikia vizuri, Baba. Nilijisikia muntu mukubwa, mu vantilatere, na Kifaransa kinanipuliza ku uso. Ile njo ugonjwa wangu, weye uliujua kabla ya dokteri yeyote.

Alisema kitu ya kwanza ni kupata kaye. Nikaenda ku nyumba ya nyuma. Riziki alikuwa anatengeneza ndagala na mama jirani wawili, wanacheka.

"Nipe kaye ya Baba."

"Kaye iko hapa, kaka. Kaa, nikuwekee chayi, uisome."

"Sikuja kusoma. Naibeba. Minye niko likidateri."

Akaangalia wenzake, akanirudilia: "Na minye niko nani? Kuku?"

Wale wamama wakacheka mpaka mumoja akamwanga ndagala. Ni ile tu. Hakunitukana, hakuninyima, alisema kaa. Kicheko ya wamama wawili wenye magamba ya samaki ku mikono, njo ile nilibebea dada yangu tribinali. Nikirudia kuiwaza naona haya hata mbele ya mashini hizi.

Sasa nisikilize vizuri, juu hapa njo pahali nimedanganya kila muntu. Bibi yangu nimemwambia sikujua. Shangazi nimemwambia sikujua. Padri nimemwambia Metre aliandika, minye nikasinye tu, Kifaransa kilikuwa kigumu. Uongo. Minye mwenye diploma, minye nasoma karatasi za duane na jicho moja limefungwa. Nilisoma. Yote, mara mbili. Iliandikwa Riziki atoe kaye, na atoke mu nyumba ya nyuma mbele ya siku munane kwisha, juu anaikaa bila haki. Bila haki! Mu nyumba uliyomupa na mudomo wako, na bike yako, na mutobe mu koo ya watu wane. Nilielewa kila neno. Nikauliza Metre kama neno "bila haki" haliko kali kidogo. Akacheka: "Mosheri, ni ya kumutisha." Nikasema, sawa, atishike. Nikasinye. Sinyatire yangu ni nzuri, unajua, niliifanyiaka mazoezi nikiwa muanafunzi.

Wisye, ule wa kupeleka karatasi za tribinali, alikuja na moto, siku ya ine, Alhamisi, saa mbili ya asubuhi. Saa ile kiwanja imejaa: wamama wanaanika, watu wanachota maji ku robine, wengine wanapita kwenda soko. Muntu wa tribinali akiingia mu parseli, Kimanga yote inajua mbele hajazima moto yake. Alisimama katikati ya samaki na soksi zake, akasoma Kifaransa kwa sauti kama anatangaza vita. Riziki hakuelewa. Alielewa jina lake, na jina langu. Akamuuliza: "Kaka yangu alikutuma? Kaka yangu Bahati?" Wisye akamuonyesha pa kusinye.

Akaita. "Kaka! Kaka Bahati!" Mara mbili.

Nilikuwa nyuma ya rido, ile pazia ya mulango, mu nyumba ya mbele. Hatua kumi, Baba. Pengine nane. Niliona miguu yake kwa chini ya rido. Sikutoka. Nilishika rido isitikisike.

Hakulia, hakutukana. Mama jirani mumoja njo alilia kwa ajili yake. Siku ya posho, Jumamosi, mbele ya jua kutoka sana, motari mumoja akapakia godoro, sufuria mbili, na muanae wa kike mbele. Alienda Makobola kwa Shangazi. Ku mulango wangu aliacha ufunguo, na kaye juu yake. Kaye ile nilimupigania, aliiweka chini kama muntu anaweka sahani iliyokwisha kuliwa.

Niliifungua siku ile. Mistari mine nilikuwa naijua. Lakini ukurasa wa nyuma hakuusomaka siku ya matanga, na sasa najua juu ya nini: alinifichia haya. Uliandika: "Bahati agawe juu anajua kusoma. Riziki amuangalie, juu Bahati anapenda kusifiwa, na kichwa yake inaweza kumupoteza." Kwa hiyo kaye haikuwa kwake kwa wizi. Weye njo ulimuwekea. Alikuwa na kitu ya kunifedhehesha mbele ya shefu ya avenyi, mbele ya wale wamama, mbele ya wisye, na alinyamaza. Minye nilikuwa na uongo mu mukono, nikautuma kwa moto.

Na weye, Baba, ruhusu niseme: kama uliniona hivyo, ulinichagua juu ya nini? Kuko siku nakukasirikia. Kisha nakumbuka ile mashini ya mama mumoja wa Mulongwe. Nilikuwa kijana, ulikuwa umeenda misa, nikaifungua yote, vida zote, skurubu na vyuma vidogo, ku sahani, nikashindwa kuirudisha. Ulirudi, ukakaa, ukatoa kipande ya uzi chini ya sindano, kidogo kama ukope wa jicho. Ulisema, "Ilikuwa na uzi tu. Weye unapenda kufungua." Hukunipiga. Ukaniacha nikuangalie ukiirudisha, vida moja moja, mpaka mchana. Pengine ulifikiri nilijifunza.

Hatukukuwa hata na uzi. Njo kitu inanikera zaidi. Watu wenye ugomvi wanatafuta avoka. Minye nilikuwa na avoka, nikatafuta ugomvi wa kumupa.

Hapa mambo yamebadilika. Bibi yangu ananipikia, lakini hanisemeshe. Siku ya kwanza aliweka bugali na sombe, hakuna samaki. Nikauliza. "Samaki zilikuwa za Riziki," akasema. "Umeshinda kesi, kula." Majirani wananisalimia na Kifaransa sasa. "Bonjur, Metre!" Wamama wa robine njo walianza. Wenzangu wa mupaka, wale wataalamu, niliwaeleza yaliyofika. Unajua walisema nini? "Ai, Bahati, dada yako mwenyewe? Na si ule aliyemutunza baba yenu?" Walisahau kabisa. Mumoja alisema yeye alinishauri tangu mwanzo nisiende. Wachawi wangekuwa na haya zaidi.

Nilimupigia Shangazi simu. Nilikuwa nimetayarisha maneno, nimeyaandika hata. Hakuniacha nimalize.

"Weye Bahati! Kaka yangu alikutuma shule ujue kusoma. Ukasoma mpaka ukasahau kusema."

"Shangazi, nitawaandikia barua ya kuomba..."

"Barua? Tena barua? Usinitumie karatasi huku, nitaiwashia moto. Mudomo wako uko na kidonda? Kuja na mudomo." Akakata. Kisha akapiga yeye mwenyewe, juu ya kuongeza: "Na usikuje na kravati!"

Riziki haongee na minye ku simu. Shangazi ananiambia muanae anauliza lini watarudi ku masomo ya Kimanga, na Riziki anamujibu, "Uliza mujomba wako." Anaanika ndagala za watu wengine kule, ku mukeka wa kuazima. Muntu mwenye pahali pake pa kuanikia.

Nilirudi kwa Metre kumwambia asimamishe. Alisema prosedire imeanza, haisimamishwe kama moto. Nikamuamini siku tatu, mujinga haponi kwa siku moja. Kisha nikapanda tena ile etaji ya soko. Ule kijana wa sandali alinikumbuka. Hakunicheka, na ningependa anicheke. Akasema: "Papa, aliyeleta malalamiko anaweza kuyaondoa. Andika na mukono wako, peleka kwa grefye, chukua akize, karatasi ya kuonyesha ameipokea. Hauitaji avoka wa ile pia." Nikamuuliza kama anaweza kunisindikiza kwa dada yangu, anisaidie kueleza. "Mbele ya tribinali naweza kukusemea," akasema. "Kule Makobola, hapana."

Kwa hiyo nimeandika. Iko hapa pembeni ya hii yako, fupi kuipita. Nimeondoa vyote, na nimeandika kwamba nyumba ya nyuma ni ya Riziki kama ulivyosema, na kwamba minye nilijua hivyo siku niliposinye. Ile neno ya mwisho haikuombwa na muntu. Grefye anaweza kuishangaa, ni shauri yake.

Baba, sasa nakuacha. Sikukutunza ukiwa mugonjwa, na ukisha kufa nilimufukuza ule aliyekutunza. Siwezi kukuomba unisamehe mu barua. Shangazi amenifundisha barua ni ya nini. Lala vizuri kule Makobola, pembeni ya Mama. Nitapita ku kaburi, lakini si kwanza. Kwanza kwa mwenye uzima.

Siku ya tano, Ijumaa, saa tatu, nitaweka karatasi kwa grefye na nitangoja mpaka aigonge kashe. Kisha nitapita kwa shefu ya avenyi aandike ile parseli ya nyuma ku jina la Riziki, na ukurasa wa nyuma wa kaye nitamusomea minye mwenyewe kwa sauti. Siku ya posho, mbele ya saa ine, nitakuwa Makobola. Nitakaa chini, si ku kiti. Nitamwambia Riziki mbele ya Shangazi kwamba nilisoma ile karatasi mara mbili, na kwamba alipoita nilikuwa nyuma ya rido nimeishika. Nitamuwekea ufunguo ku mukono. Akikubali kurudi, nitabeba godoro ku kichwa, minye mwenyewe, toka ku barabara mpaka ndani, na wamama wa robine waseme kile wanataka. Akikataa, nitauacha ufunguo kwake na nitarudi peke yangu, na nyumba ya nyuma itabaki ya kwake imefungwa, hata miaka kumi, hakuna muntu atakayelala ndani.

Ni siku ya posho hii, Baba. Si ya juma lijalo.

Mutoto wako,
Bahati